TAHADHARI: Huyu muuza seti za mbizi za mtumba atakuja kuua mtu

Ndugu zangu wapiga mbizi, hasa nyinyi mliopata kadi ya cheti cha mbizi juzijuzi, naomba msome hadi mwisho. Naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja. Kuna mtu anauza seti nzima za mbizi zilizotumika, chini ya nusu ya bei ya dukani, na anawawinda waliomaliza kozi majuzi kwa sababu anajua wamechoka kukodi na hawana hela ya vitu vipya. Mimi ni mmoja wao.

Tulikutana kwenye maegesho ya magari, mchana kweupe. Alifungua buti, vitu vyote vimepangwa juu ya taulo safi la michirizi ya bluu: regulata (kile kifaa cha kuvutia pumzi kutoka kwenye mtungi), jaketi la kuelea, geji ya kuonyesha hewa iliyobaki, mapezi, mtungi. Kabla sijagusa chochote akasema, "Naomba kwanza nione kadi yako. Regulata simuuzii mtu ambaye hajasomea, sitaki damu ya mtu." Akaisoma kadi yangu mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili. Halafu akachukua pezi moja, akalikunja, akanionyesha ufa mdogo karibu na kisigino. "Hili nakupunguzia, lina kasoro." Ufa wenyewe nisingeuona mpaka kesho. Sasa mtu anayekuonyesha kasoro yake mwenyewe, utamshuku vipi? Ndipo alipo ujanja wake wote. Anakupa tobo dogo ulitazame ili kubwa likupite.

Akanieleza kwa nini anauza. Masikio, daktari kamkataza kushuka tena. Aliongea kwa huzuni, akishika lile jaketi kama mtu anayeaga. Akafunga regulata kwenye mtungi, akageuzia uso wa geji pembeni, akafungua valvu polepole. Vilevile tulivyofundishwa! Akabonyeza kitufe, hewa ikatoka kwa kishindo. Akanipa nivute. Nikavuta mara kadhaa, hewa ikaja laini kabisa. Jaketi likajaa, likakaa gumu. Mwisho akatoa bahasha yenye karatasi ya sevisi, ina muhuri na saini, na kwenye regulata kuna stika ya mwaka huu. Kwenye bega la mtungi akaniwekea kidole juu ya namba zilizogongwa: mwezi, mwaka, umeona?

Nilimwambia nipitie kwanza kwa fundi. Akatazama saa. Kuna mtu anakuja saa kumi, tayari kashatuma nusu ya hela, "ila wewe nimekupenda, unajifunza vizuri". Na fundi, akasema, atakulisha gharama ya sevisi juu ya sevisi. Karatasi ninayo mkononi, hewa nimeivuta mwenyewe, kadi yangu ameikagua. Mniambie, nani kati yenu asingelipa?

Regulata niliipeleka kwa fundi ibadilishwe kile kipande cha mdomoni tu, basi. Mzee yule akaipokea, akaipima kwa mkono, akauliza nani amekuuzia. Akachukua spana, akafungua ile sehemu inayokaa kwenye mtungi, akageuza taa. Kile kichujio kidogo cha chuma hewa inapoingilia kilitakiwa kung'aa. Kilikuwa kijani tupu. Akakigonga mezani, unga wa kutu na chumvi ukadondoka. Ndani, oringi moja, ile pete ya mpira ya kuzuia hewa isivuje, ilikatika alipoigusa kwa ncha ya kidole. Halafu akaingiza ukucha chini ya ile stika ya mwaka huu, akaibandua taratibu. Chini yake kulikuwa na nyingine, imechujuka hata mwaka hausomeki. Akalinganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya kwenye karatasi. Hazifanani hata kidogo. Karatasi ni ya regulata nyingine! Nilisimama pale sina la kusema.

Nikamuuliza mbona ilinipa hewa vizuri. Akanijibu kitu ambacho kila mgeni wa mbizi angepaswa kukijua. Juu ya ardhi kichujio kilichoziba nusu bado kinapitisha hewa ya kukutosha. Ukiwa mita 18, kina tunachoruhusiwa sisi wenye cheti cha kwanza, shinikizo ni karibu bar 2.8 (juu ya ardhi ni karibu bar 1), kwa hiyo pumzi ileile inabeba hewa karibu mara tatu. Ongeza mtungi uliopungua hewa, ongeza mwenzako aliyeishiwa akachomeka kwenye regulata yako ya akiba. Hapo ndipo ingekataa.

Mtungi nao, wanaojaza hewa walikataa kuujaza. Zile namba za kupimwa zilichimbwa kwa mkono, moja imelala upande, na alama ya mpimaji haipo. Marekani, kwa mfano, mtungi hupimwa kwa shinikizo la maji kila miaka 5, na alama ya aliyepima hugongwa pamoja na mwezi na mwaka. Huu wangu ni wa alumini ya zamani, aloi (mchanganyiko wa metali) namba 6351, ambayo inajulikana kuota nyufa kwenye hesi za shingo. Kuna mitungi ya aloi hiyo iliyopasuka wakati wa kujazwa. Mtungi unajazwa bar 200, jamani! Ungemuua kijana wa watu anayejaza, asiyenijua wala kumjua huyu shetani.

Nilimpigia. Akapokea, akasema fundi wangu ana njaa. Nikapiga tena, nimezuiwa. Wiki hiyohiyo nikaona seti nyingine inauzwa, jina tofauti, masikio yaleyale, taulo lilelile la michirizi ya bluu. Yaani hata taulo hajabadilisha! Polisi nimekwenda, nikaambiwa haya ni mambo ya kibiashara, malizaneni. Biashara gani ya kubandika stika ya uongo juu ya kifaa cha kuvutia pumzi? Huyu afungwe. Anyang'anywe kila alichonacho kwenye lile buti na kivunjwe kwa nyundo hadharani, asiguse tena hata snokeli. Na aliyempa ule muhuri naye atafutwe, maana muhuri haujichongi.

Dalili zilikuwepo, wacha niziseme haraka. Sindano ya geji, mtungi umefungwa na hewa imetolewa yote, ilisimama kwenye 20. Akasema geji zote ziko hivyo. Si kweli, inatakiwa ilale kwenye sifuri, la sivyo unapodhani una bar 50 za kupandia huenda una 30. Hakuniacha nivute mtungi ukiwa umefungwa, kipimo ambacho hewa inatakiwa igome kabisa, ikipenya kuna pahala panavuja. Hakukubali kuuza kimoja kimoja, lazima seti. Mipira ya kupitishia hewa ilikuwa na vile vikinga vya plastiki kwenye viungo, vivuteni nyuma, nyufa zinajificha humo. Na haraka yake. Hiyo haraka peke yake ingetosha.

Gharama ya kuifufua ile regulata, fundi kaniambia, inapita niliyoinunulia, na vipuri vya modeli hiyo havitengenezwi tena. Kwa hiyo hakuna cha rahisi hapo. Kwa sasa nimenunua miwani inayonikaa usoni na mapezi mapya, regulata na mtungi nakodi mahali wanaponionyesha daftari la sevisi. Nikipata hela itakuwa kompyuta ya mbizi kwanza, ile ya kufuatilia kina na muda ukiwa majini.

Kama umenunua kwa mtu wa maelezo haya, usiingie nayo majini hata kwenye bwawa. Ipeleke ifunguliwe mbele ya macho yako. Usitupe stika wala karatasi, piga picha namba zilizo kwenye chuma na zilizo kwenye karatasi, halafu nitafute. Mimi mmoja nimeambiwa tumalizane. Tukienda wengi na karatasi mkononi, watafungua jalada.