Kujifungua bila dripu hapa Nakuru: mpira ulikuwa stoo, ufunguo ulikuwa na mtu

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ni ya binafsi, iko hapa Nakuru mjini, na nesi aliyenishika mkono usiku ule bado anafanya kazi pale. Sitaki kumharibia. Lakini nimeulizwa na akina mama wengi wa huku Lanet kama kweli unaweza kulipa, ukaingia, ukazaa kwa njia ya kawaida bila mtu kukuharakisha. Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hivyo nayaandika yote hapa.

Mtoto wangu wa kwanza nilimpata 2019, hospitali nyingine. Nilifika njia ikiwa imefunguka sentimita 3, nikalazwa chali, nikawekewa dripu ya kuongeza uchungu kabla sijauliza ni ya nini, na mwishoni nikaongezwa njia kwa makasi. Mtoto alitoka mzima, Mungu asifiwe. Mimi nilikaa wiki 3 nikikalia tako moja. Kwa hivyo mimba hii ya pili ilipofika miezi 7, nilianza kuzunguka nikiuliza kabla ya kulipa.

Hii niliyoichagua ilinivutia kwa sababu ya mpira. Msinicheke. Nesi wa mchana alinipeleka leba wadi kunionyesha vyumba, na pale pembeni palikuwa na mpira mkubwa wa samawati, ule wa mazoezi, umejazwa upepo sawasawa. Akaniambia nikalie. Nikakalia, nikayumbayumba, mgongo ukapoa kama umepakwa dawa. Akanionyesha na bafu yenye maji moto. "Hapa mama ndiye anayechagua," akasema. "Ukitaka kutembea, tembea. Ukitaka kuchuchumaa, chuchumaa." Akanipa karatasi niandike ninavyotaka. Niliandika kwamba dripu isiwekwe kabla sijaelezwa sababu, nisikatwe isipokuwa kuna dharura, niwe na mtu wangu karibu, na mtoto awekwe kifuani kwanza, uzani baadaye. Mstari wa mwisho nikaandika: mambo yakiharibika, fanyeni mnachojua. Akaipachika kwenye faili nikiona kwa macho yangu.

Bei waliyoniambia ni 38,000 kwa njia ya kawaida. Tulipohamishwa Oktoba 2024 kutoka NHIF kwenda SHA, bima mpya ya afya ya serikali, SHA ilikuwa ikilipia njia ya kawaida 10,000 na upasuaji 30,000, kwa hivyo nilijua mfukoni mwangu zitatoka 28,000. Nilianza kuweka pembeni kila wiki.

Sasa tuje usiku wenyewe.

Mume wangu hufanya kazi shamba la maua Naivasha na wiki hiyo alikuwa zamu ya usiku. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Molo siku 6 kabla, na kilo 5 za njahi, yale maharage meusi ya mzazi, na maoni mengi. Uchungu ulianza saa 3 usiku, nikikunja nguo. Nilinyamaza. Nilitaka kujua kwanza kama ni wenyewe au ni ule wa uongo ambao ulikuwa umenisumbua wiki nzima. Baada ya kama saa moja mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Umesimama mara tatu ukishika meza. Unafikiri sikuoni?"

Alinichemshia maji ya kuoga, akanipa uji, akanizimia taa. Hapo ndipo sehemu kubwa ya mafanikio yangu ilipo, na hospitali haina sifa yoyote juu yake: nilikaa nyumbani. Maji hayakuwa yamepasuka, mtoto alikuwa anacheza, sikuwa natokwa na damu isipokuwa ule ute wenye michirizi, na kliniki walikuwa wameniambia presha na damu yangu viko sawa. Kama kimojawapo kingekuwa tofauti ningeenda saa ile ile. Nililala vipande vipande. Saa 7 na nusu uchungu ulikuwa unakuja kila dakika 4 na kunishika kama dakika nzima, na nilikuwa siwezi kuongea ukinishika. Tukamwamsha jirani mwenye Probox.

Probox hiyo hubeba maziwa alfajiri. Nilisafiri nimepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, uso kwenye kiegemeo, nikivuta harufu ya maziwa yaliyochacha. Barabara kuu ilikuwa imejaa malori yanayoelekea Malaba. Jirani alikuwa akipunguza mwendo kwa kila tuta kama amebeba mayai, na mimi nilikuwa natamani aruke yote tufike.

Getini, shida ya kwanza. Askari alinifungulia mimi, akamzuia mama mkwe.

"Baba yuko wapi?"

"Kazini."

"Basi mama angoje kwenye benchi. Ndani ni mtu mmoja, na awe baba."

Mama mkwe akamwangalia. "Kijana wangu, huyo baba unayemtaka unafikiri alizaliwa na nani?"

Askari alicheka, ila hakufungua. Ni nesi wa usiku aliyetoka kuona nani anagumia nje, akamvuta mama mkwe kwa mkono akamwingiza. Siku ya kuonyeshwa vyumba hakuna aliyetaja kwamba mtu wako ni lazima awe mwanamume. Kama unajua utaenda na dada, mama au wifi, wapate waandike kwenye faili, na uwe na namba ya simu ya wadi.

Nesi alinipima: sentimita 5. Nilishusha pumzi. Huyu wa pili nilikuwa nimemsomea, na nilijua Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linahesabu uchungu wenyewe kuanzia sentimita 5, si 3 nilizofika nazo mara ya kwanza nikaanza kuhesabiwa kama nimechelewa. Akasikiliza moyo wa mtoto kwa kile kimashine cha mkono, akaandika, akaniambia niko huru kutembea.

"Ule mpira uko wapi?" nikauliza.

"Upo. Uko stoo."

"Naomba."

"Stoo imefungwa. Ufunguo anao in-charge wa mchana, anaingia saa 2 asubuhi."

"Kwa hivyo wanaozaa usiku?"

Akanitazama kidogo. "Wengi huzaa usiku," akasema.

Bafu ya maji moto nayo ilitoa maji moto kwa kama dakika 4, halafu ikarudi kuwa maji ya Nakuru ya kawaida, yale ya Julai. Nilitoka nikitetemeka.

Lakini huyu mwanamke alijua kazi yake. Aliinua kitanda mpaka kikanifika kifuani, akaniambia niinamie, nizungushe kiuno. Akachukua chupa ya soda ya lita 2, akajaza maji ya birika, chupa ikajikunja kwa joto, akaifunga kwenye leso yangu na kumpa mama mkwe aniwekee kiunoni. Uchungu ukija, mama mkwe aliikandamiza kwa ngumi. Ngumi ya mtu aliyelima viazi Molo miaka 40. Sijui hata leo ningefanyaje na mpira kama ningekuwa na mpira.

Kati ya uchungu mmoja na mwingine mama mkwe alikuwa anashangaa karatasi yangu. Amezaa watoto 5, wote nyumbani. "Hii mnaita ya kawaida, sisi hatukuwa na jina lake," akaniambia. "Ndiyo iliyokuwepo. Na mimi ningepata gari ningekuja huku."

Saa 10 nesi alinipima tena, nikawa 6. Akatoka kumpigia daktari, akarudi na akaniambia ukweli, jambo ambalo nampa nyota zote nilizo nazo: daktari anasema maji yavunjwe na dripu iwekwe, kwa sababu nimesogea sentimita 1 tu kwa saa 2.

Nilikuwa nimejiandalia maswali mawili, na kwa maumivu yale nilishukuru ni mawili tu. Mtoto yuko sawa? Mimi niko sawa? Akasikiliza moyo tena, kwa uchungu mzima na baada yake: 138. Kawaida ni kati ya 110 na 160, akanionyesha kwenye chati. Presha yangu ilikuwa nzuri, joto zuri.

"Basi tungoje?"

Akampigia tena pale pale mbele yangu. "Daktari, mama anaomba saa moja. Moyo wa mtoto uko vizuri. Kichwa kinashuka." Nilisikia sauti ya mwanamume kwenye simu, maneno sikuyashika. Akaniambia, "Amekupa saa moja."

Sitaki mtu asome hapa akadhani dripu ni uadui. Kitanda cha pili, nyuma ya pazia, kulikuwa na mama wa presha aliyewekewa dripu usiku huo huo, na alihitaji, na alizaa salama akipiga kelele kidogo kuliko mimi. Lalamiko langu la 2019 ni kwamba hakuna aliyeniambia kitu. Usiku huu niliambiwa, nikajibu, jibu langu likafikishwa.

Saa 11 hivi maji yalipasuka yenyewe, yote juu ya viatu vya nesi. Baada ya hapo sikumbuki mpangilio. Nakumbuka kupiga magoti kitandani nimekumbatia kichwa cha kitanda, na nesi wa pili akiingia na kusema, "Lala chali mama, hivyo hatuoni." Na wetu akimjibu bila kugeuka, "Mimi naona." Aliniambia niache kusukuma, nipumue kama napuliza chai. Nikapuliza chai. Kichwa kikatoka polepole, kikiunguza kama pilipili, halafu mwili wote ukateleza. Saa 12 kasoro dakika 10.

Msichana. Walimpitisha chini ya miguu yangu nikageuka nikampokea kifuani, mwenye utelezi, mwenye hasira. Nesi hakukata kitovu mara moja. Alichukua vidole vyangu akaviweka juu ya ule mrija, na ulikuwa unapiga kama mshipa wa shingo. Tulingoja mpaka ukanyamaza.

Sindano ya paja niliikubali bila neno. Kuna akina mama wanaoikataa wakisema wanataka kila kitu kiwe cha asili, na inachekesha kidogo kwa sababu ni oksitosini, dawa ile ile ya dripu niliyokuwa nimeikimbia. Ila hii hupewa mtoto akishatoka, ili mji wa mimba ujikaze na damu isimwagike. Mama mkwe aliiangalia ikiingia. Dada yake alizaa nyumbani mtoto mzima, na kabla ya mchana yeye mwenyewe alikuwa amekwisha, juu ya godoro. Hajawahi kunisimulia hiyo habari kabla ya asubuhi ile, na aliisimulia akikunja leso, hakuinua macho.

Nilichanika kidogo, mishono 2, kwa ganzi. Mtoto kilo 3.4, alipimwa baada ya kunyonya, kama nilivyoandika. Kuhusu karatasi yenyewe, sidhani ilisomwa na mtu. Niliikuta kwenye faili chini ya risiti.

Baadaye mambo yalishuka. Chai ya wadi ilikuwa maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali, na mkate vipande 2. Njahi za Molo ndizo zilizonilisha. Saa 2 asubuhi in-charge aliingia na funguo shingoni, akafungua stoo kutoa pamba, na kutoka kitandani nikauona mpira wangu, umefunikwa na mfuko wa plastiki.

Kuondoka ilikuwa vita. Waliniruhusu kesho yake asubuhi, lakini mtandao wa SHA ulikuwa umeanguka, alama ya kidole haisomi, nikakaa na mtoto mkononi hadi saa 9 alasiri. Bili ikaja na 3,800 zaidi: glavu, pamba, na kitu kilichoandikwa "mengineyo". Mume wangu aliomba waeleze "mengineyo" ni nini. Yule wa kaunta akapiga simu mara mbili, akayafuta. Glavu tulilipa. Kwa hivyo mkiambiwa kifurushi, ombeni orodha ya vilivyomo, iwe na mhuri.

Nyota 5 kwa nesi wa usiku, 2 kwa kaunta, na bafu sitaihesabu. Ningerudi, ila ningepiga simu kwanza kuuliza nani yuko zamu.

Nilirudi wiki ya 6 kwa kliniki, nikapita leba wadi kumsalimia. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya meza yao kunionyesha: msumari mpya ukutani, na ufunguo wa stoo unaning'inia. Alikuwa ameupigania kwa wiki 3. Nikamwambia anifungulie basi nione. Akafungua. Mpira ulikuwa umeisha upepo, umelala sakafuni kama chapati, na pampu hakuna anayejua iliko.