Companies House: hesabu za klabu za England bila malipo, na mahali zinapokuacha njiani

Kabla ya kuamini tetesi kwamba klabu fulani ya Ligi Kuu ya England itakatwa pointi, fungua hesabu zake. Zipo kwenye tovuti ya Companies House, msajili wa kampuni wa Uingereza, zimekaguliwa na ni bure. Huhitaji akaunti wala kadi ya benki. Kwa shabiki anayetaka kujionea namba mwenyewe, huduma hii inastahili nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano inaipoteza kwa sababu ambayo itauma zaidi chini ya kanuni za msimu wa 2026/27.

Wengi hukwama mwanzoni kabisa, kwenye kupata faili sahihi. Klabu moja huwa na kampuni kadhaa, na jina la kisheria mara nyingi silo linalotajwa uwanjani. Ukiandika Liverpool tu utaletewa kampuni chungu nzima. Klabu yenyewe imesajiliwa kama The Liverpool Football Club and Athletic Grounds Limited. Kwa Arsenal tafuta Arsenal Holdings Limited, kwa Chelsea tafuta Chelsea FC Holdings Limited. Ukifika kwenye ukurasa wa kampuni, bonyeza "Filing history", kisha weka alama kwenye kisanduku cha "Accounts" ili nyaraka nyingine ziondoke. Faili unalolitaka ni lile lenye maneno "Group of companies' accounts", yaani hesabu za kundi zima. Ukichukua lililoandikwa "Full accounts" unaweza kuwa umeshika kampuni moja tu ndani ya kundi, na sehemu ya mapato ikawa imebaki kwa kampuni dada.

Mengi ya mafaili hayo ni kurasa zilizoskaniwa, hivyo kutafuta neno ndani yake hakufanyi kazi na hupakuliwa polepole kwenye mtandao dhaifu. Ruka taarifa ya wakurugenzi, nenda moja kwa moja nusu ya mwisho, kwenye maelezo yenye namba. Unahitaji vitu vinne: mapato, gharama za wafanyakazi, mgawo wa mwaka wa ada za usajili, na faida ya kuuza wachezaji. Mgawo huo, yaani sehemu ya bei ya wachezaji inayohesabiwa kila mwaka, uko kwenye maelezo ya mali zisizoshikika (intangible assets), na ndipo wasomaji wengi wanapopotea.

Mfano ni Enzo Fernández. Chelsea ilimchukua Benfica mwaka 2023 kwa takriban pauni milioni 106.8, mkataba wa miaka 8 na nusu. Kwenye vitabu gharama haiingii yote siku ya usajili. Inagawanywa kwa miaka ya mkataba, karibu pauni milioni 12.6 kwa mwaka. UEFA ikaweka kikomo cha miaka 5 kuanzia Julai 2023, na Ligi Kuu ikafuata Desemba mwaka huo kwa mikataba mipya. Kwa miaka 5, mchezaji huyohuyo angebeba karibu milioni 21.4 kila mwaka. Upande wa kuuza, aliyenunuliwa kwa milioni 50 kwa miaka 5 akauzwa baada ya miaka 2 kwa milioni 40 ameleta faida ya milioni 10, kwa kuwa thamani yake vitabuni imebaki 30. Kijana wa akademia hana thamani vitabuni, kwa hiyo karibu fedha yote ya mauzo yake ni faida. Ndiyo maana klabu zenye shida huuza vijana wao siku za mwisho za Juni, kabla vitabu havijafungwa. Angalia pia tarehe ya kufunga: klabu nyingi hufunga 30 Juni, lakini Liverpool na Arsenal hufunga 31 Mei, hivyo mauzo yao ya Juni yanahesabiwa mwaka unaofuata.

Sasa kanuni. Mfumo wa zamani ulitazama hasara ya miaka 3, isizidi pauni milioni 105 kwa klabu ambayo mmiliki wake anaziba pengo kwa mtaji. Everton ilifikia hasara ya milioni 124.5 na ikakatwa pointi 10, zikapunguzwa kuwa 6 kwenye rufaa Februari 2024. Novemba 2025 klabu zilipiga kura 14 kwa 6 kuuondoa mfumo huo. Mpya unasema gharama za kikosi, yaani mishahara ya wachezaji na kocha mkuu, mgawo wa ada na malipo ya mawakala, zisizidi asilimia 85 ya mapato ya soka yakijumlishwa na faida ya kuuza wachezaji. Kuna akiba ya asilimia 30 ya kuvuka kikomo hicho, ya kutumika kwa misimu kadhaa. Anayevuka 85 hutozwa fedha, anayeimaliza akiba hukatwa pointi. Wanaocheza Ulaya wanabanwa zaidi, kwa sababu kikomo cha UEFA ni asilimia 70.

Ijaribu kwa Manchester City ya 2023/24: mapato pauni milioni 715, faida ya mauzo ya wachezaji karibu 139, jumla 854. Asilimia 85 yake ni 726. Mishahara ilikuwa karibu 413, kwa hiyo zinabaki 313 za mgawo wa ada na mawakala.

Na hapo hapo huduma inakuacha. Hiyo 413 ni ya wafanyakazi wote, kuanzia washambuliaji hadi wahasibu wa ofisini. Idadi ya watu inaweza kugawanywa kwa idara, lakini fedha ni mstari mmoja. Ichukue kama kiwango cha juu kabisa, usiitangaze kuwa ndiyo gharama ya kikosi. Usiongeze pia ada za mawakala zinazotangazwa na FA, kwani zile za usajili mara nyingi zimeshaingia kwenye gharama ya mchezaji na utazihesabu mara mbili.

Ucheleweshaji ni kasoro kubwa zaidi. Kampuni binafsi ina miezi 9 ya kuwasilisha, hivyo hesabu za 30 Juni zinaweza kufika mwisho wa Machi. Kwa kanuni ya miaka 3 hilo lilivumilika. Kanuni mpya inafuatilia msimu ukiwa unaendelea, na wewe utakuwa unasoma ya msimu uliopita.

Chelsea inafundisha jambo jingine. Mwaka 2023/24 ilionyesha faida ya pauni milioni 128.4, lakini ndani yake kuna karibu milioni 200 za kuuza timu ya wanawake kwa kampuni ya kundi lake. Tafuta kwenye maelezo ya mwisho jina la kampuni mama, kisha fungua hesabu zake: mauzo ya ndani ya familia hufutika huko. UEFA haikuyakubali mauzo ya aina hiyo.

Usitarajie kuona Rwanda ililipa kiasi gani kwa tangazo la kwenye mkono wa jezi ya Arsenal. Udhamini wote umelundikwa kwenye mapato ya kibiashara.

Ripoti ya kila Januari ya Deloitte, kampuni ya uhasibu, Football Money League, inasomeka kwa urahisi zaidi na inalinganisha nchi mbalimbali. Ndiyo iliyoonyesha Real Madrid wakivuka euro bilioni 1 mwaka 2023/24. Ila haihesabu fedha za kuuza wachezaji, kwa hiyo ukiitumia kupima asilimia 85 utakosea.

Kwa Manchester United, nenda Marekani. Hisa zake zinauzwa New York tangu 2012, na mfumo wa EDGAR wa SEC, msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani, unatoa taarifa zake za kila robo mwaka, bure, kwa maandishi yanayotafutika.