Malazi ya vijijini kwa watazama nyota: hoteli, kambi au nyumba nzima?

Karibu kila malazi yaliyo mbali na mji siku hizi hujitangaza kwa picha ya Njia ya Maziwa, ule ukanda wa nyota angani, juu ya paa. Picha hiyo haithibitishi kitu. Kamera iliyoachwa wazi sekunde 20 hunasa mwanga ambao macho hayauoni, na taa za uani huenda zilizimwa kwa ajili ya mpiga picha tu. Kwa mwenye darubini, swali la kwanza ni nani anashika swichi.

Hapo ndipo hoteli za vijijini zinapoanguka. Chakula kipo, mandhari ipo, lakini taa za njiani, za maegesho na za bwawa huwaka usiku kucha kwa ajili ya usalama. Zinazojiwasha mtu akipita ni balaa zaidi: jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mlinzi akikatiza mara moja mbele ya kihisi unaanza upya. Meneja akisema "tutazima", muulize kama taa za nje zina swichi yao au kila moja ina kihisi chake. Kama ni vihisi, ahadi hiyo usiitegemee.

Kambi za mahema zina giza zuri hadi jirani atakapowasha gari. Moshi wa moto wa kuota nao hutanda chini chini na kufifisha nyota za karibu na upeo. Kwa mwenye darubini ya macho mawili ya kushika mkononi au darubini isiyo na mota, kambi inatosha. Kwa mpiga picha anayehitaji umeme wa kuzungusha mota na kupasha lenzi joto ili umande usitue, bila betri kubwa ya volti 12 usiku utaishia njiani.

Nyumba nzima ya kukodi ndiyo tunayoipa alama za juu, maana taa zote ni zako. Ila chunguza pa kusimamisha darubini. Baraza la mbao halifai: mtu akipiga hatua moja, taswira iliyokuzwa mara 200 inacheza. Saruji iliyopigwa na jua mchana hutoa joto hadi usiku wa manane, na sayari ya Mshtarii huonekana kama jiwe lililo chini ya maji yanayotiririka. Majani mafupi ni bora kuliko vyote viwili. Miti mirefu isizibe upande wa ncha ya anga, kaskazini au kusini kutegemea uko nusu ipi ya dunia, kwani huko ndiko stendi ya kufuatilia nyota inakolengwa. Bondeni kando ya mto napo uwe mwangalifu: hewa baridi hushuka na kutuama, na ukungu huanza hapo kabla ya mlimani.

Ramani za uchafuzi wa mwanga zinasaidia, lakini zisome kwa akili. Nyingi hutumia setilaiti ambazo hazioni vizuri mwanga wa buluu, kwa hiyo mji uliobadilisha taa zake kuwa LED nyeupe unaweza kuonekana umepungua mwanga wakati hali halisi ni kinyume. Kwenye kipimo cha Bortle cha giza la anga, chenye ngazi 9 (ya 1 ndiyo yenye giza zaidi), tafuta ngazi ya 4 kushuka chini. Ukiongeza umbali kutoka mjini mara mbili, mng'ao wake hupungua hadi karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo mwendo kidogo zaidi unalipa. Mji ukiwa hauepukiki, uwe upande usiokusudia kuutazama.

Usidanganywe na jina la hifadhi pia. Cheti cha DarkSky International, shirika linalotetea anga lenye giza, kama kile cha hifadhi ya NamibRand nchini Namibia, ni cha eneo husika. Nyumba iliyo nje kidogo ya mpaka inaweza kujinadi kwa jina hilohilo bila kufungwa na masharti yake.

Tarehe huharibu safari nyingi kuliko mahali. Programu za kukodi hazina kichujio cha mwangaza wa mwezi, kwa hiyo fungua kalenda kwanza. Usiku salama ni kuanzia siku chache kabla ya mwezi mwandamo hadi siku mbili tatu baada yake. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50 kila siku, na ule wa robo ya mwisho hutoka karibu na usiku wa manane, hivyo nusu ya kwanza ya usiku inabaki yako. Giza kamili nalo husubiri jua lishuke nyuzi 18 chini ya upeo. Kwenye nchi za kaskazini sana halifiki kabisa katikati ya kiangazi.

Kabla ya kulipa, mwombe mwenye nyumba picha ya uani iliyopigwa usiku, taa zote zikiwa zimewaka, na nyingine ya upande unaotaka kutazama. Muulize pia taa ya jirani wa karibu iko wapi na saa ya mwisho ya kuondoka. Ikiwa ni saa nne asubuhi, lipia usiku wa ziada au tafuta kwingine.