Vikombe vya kubandua vya Meza ya Bwana: vizuri wodini, si ibadani

Tangu korona ya 2020 makanisa mengi yamevizoea. Ni kikombe kidogo cha plastiki chenye juisi ya zabibu kama kijiko kimoja cha chai, juu yake kipande cha mkate chembamba kama hostia, na vifuniko viwili. Ukibandua cha juu unapata mkate, ukibandua cha pili unafikia juisi.

Kwa usafi, hatuna neno. Mkate haujaguswa na mtu, na mashemasi hawana trei za kuosha. Shida huanzia kwenye kubandua. Ncha za vifuniko zimekaribiana mno, kwa hiyo mwenye kucha fupi au mikono inayotetemeka huzivuta zote mbili kwa pamoja: mkate chini, juisi kwenye nguo. Watu 300 wakibandua mara mbili mbili, ule mchakacho humeza sauti ya anayeomba. Boksi likilazwa ubavu, au likiachwa stoo ya bati isiyo na dari, gundi hulegea na juisi huloanisha mkate. Lisimamishe wima penye ubaridi, soma tarehe ya mwisho, na siku moja kabla ya ibada pindua vikombe vitano juu ya kitambaa cheupe uone kama vinavuja.

Hizo zote zinavumilika. Kinachotusumbua ni kwamba kila mshirika amepewa mkate wake, umefungwa peke yake. Paulo aliwaambia Wakorintho kuwa mkate ni mmoja, na kwa sababu hiyo walio wengi ni mwili mmoja. Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo kabisa, ina sala inayotaja mkate uliokuwa umetawanyika milimani ukakusanywa ukawa mmoja. Inaomba kanisa nalo likusanywe hivyo. Ishara yenyewe imo katika kuumega. Tena kosa la Korintho linarudi, la kila mtu kutangulia kula chake: wa mbele wameshameza, bibi wa benchi la nyuma bado anahangaika na kifuniko. Dawa ya Paulo ilikuwa neno moja: mngojane.

Mahali pa kweli pa vikombe hivi ni kwa wasiofika ibadani. Mnamo mwaka 155 hivi, Justin Shahidi, mwalimu Mkristo aliyeishi Roma, alieleza kwamba baada ya shukrani mashemasi waliwapelekea mkate na divai waliokosekana. Wodini au gerezani, kikombe kilichofungwa hakimwagiki mfukoni wala hakipati vumbi. Mbandulie mgonjwa wewe mwenyewe, na kama hawezi kutafuna, loweka mkate ndani ya juisi kwanza.

Ibadani, oka mkate. Unga wa ngano gramu 500, maji ya uvuguvugu mililita 250, mafuta vijiko vitatu vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, bila hamira. Kanda dakika tano tu, kwani ukizidisha unakuwa mgumu kama mpira. Tandaza duara la upana wa sentimita 28 hivi, unene sentimita moja, toboa kwa uma, kisha chora mistari kwa kisu bila kukata hadi chini. Ndiyo itakayoongoza kumega. Oka nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 25, uutoe ungali laini katikati. Ukikauka kama biskuti utabaki makombo sakafuni. Mmoja huu hutosha watu 120 kwa vipande vya gramu tano, na juisi lita moja na robo kwa vikombe vidogo vya glasi. Wasiokula ngano waandaliwe sahani yao mapema.

Kwa washirika 300, oka mitatu, uinuliwe mmoja na kumegwa mbele ya wote. Wengine watasema mambo ya zamani yaliwafaa wachache. Ni kweli, ukumbi wa nyumba-kanisa ya Dura-Europos kule Syria, ya kabla ya 256, ulitosha watu 70 hivi, tena baada ya kubomoa ukuta kati ya vyumba viwili. Lakini walibomoa ili wakae pamoja, na ndilo hasa tunalolitaka.

Alama zetu: kwa wagonjwa 4 kati ya 5, kwa ibada 2. Nunua boksi dogo kabisa, likae kwenye mkoba wa shemasi wa ziara.