Ripoti inasema mwanangu "bora sana" katika hesabu. Si kweli

Mwanangu alianza chekechea hii kabla hajatimiza miaka minne. Juzijuzi wazazi tukaitwa kusomewa ripoti. Mkuu wa shule akasimama na karatasi yake: walikuja wakihesabu hadi tano, sasa wanafika ishirini, herufi walijua chache, sasa wanazitaja zote. "Haya ndiyo matunda ya programu yetu." Tukapiga makofi, nami nikiwemo.

Jioni ile nikammwagia mwanangu vifuniko saba vya chupa sakafuni. Akavihesabu kwa kujiamini, kidole kikigusa kimoja baada ya kingine, hadi saba. Nikamuuliza, "Kwa hiyo viko vingapi?" Akaanza upya: moja, mbili, tatu... Nikauliza tena, akaanza tena. Ishirini anaiimba kama wimbo, lakini bado hajui kwamba namba aliyomalizia ndiyo idadi ya vitu. Simlaumu hata kidogo, kwa umri wake ni kawaida kabisa. Lakini hesabu zote zimejengwa juu ya hilo, na ripoti imemwandikia "bora sana"!

Nikarudi shuleni kumuuliza mkuu kwa upole. Mnapimaje kama mtoto ameelewa? Na mmejuaje kwamba maendeleo haya yametokana na programu? Mtoto wa umri huu anakua tu. Mwaka ukipita atajua zaidi hata akishinda nyumbani na bibi yake, kwa hiyo lazima alinganishwe na wenzake ambao hawakusoma hapa. Nikamtajia mradi wa Perry, utafiti wa chekechea wa kule Ypsilanti, Michigan, Marekani, ulioanza 1962. Watoto 123 waligawanywa makundi mawili, moja likapata chekechea na jingine likakosa, wakafuatiliwa hadi utu uzima. Alama za akili zilizopanda mapema zilififia baada ya miaka michache, ila faida nyingine...

Hakuniacha nimalize. "Mama, kama hapa hapakufai, mlango uko wazi." Mbele ya walimu wake, na mwanangu kanishika mkono.

Nilitoka pale nimeshaamua kuandika kwamba hapafai kabisa. Na bado kuna saa naona hivyo. Lakini nitakuwa nadhulumu mtu. Yuko mwalimu msaidizi ambaye kila asubuhi anawapigisha watoto makofi kwa silabi za majina yao. Wiki hii mwanangu kaniuliza mbona "mama" na "maji" yanaanza sawa. Hakuna aliyemkaririsha hilo. Sikio lake limeanza kusikia sauti zilizomo ndani ya neno, na hilo litamsaidia sana akianza kusoma. Tena siku hizi anangoja zamu yake, mtoto aliyekuwa akinyang'anya kila kitu. Kwenye ripoti, haya yote hayana hata mstari mmoja.

Yule mwalimu msaidizi nampa alama zote. Muhula ujao namrudisha mwanangu kwa ajili yake tu. Ile ripoti nimeirudisha bila kuitia sahihi.