Taa ya ukutani ya kofia na balbu ya njano: maoni yangu baada ya kufunga gesti nzima

Hii naandika kwa wenye gesti, bangaloo na nyumba za kupangisha huku pwani ya Unguja, hasa sisi wa Jambiani, Paje, Bwejuu mpaka Michamvi, maana skuizi kila anaejenga akimaliza tu kupaka rangi anapiga flodi nyeupe za LED, zile taa kali za kumulika uwanja, kona zote nne za ukuta halafu anaandika "eneo tulivu la asili". Utulivu gani huo na usiku kumekuwa kama uwanja wa mpira. Sijalipwa na mtu, taa nimenunua kwa hela zangu madukani mjini, na dukani penyewe sipataji kwa sababu zinauzwa kila mahali.

Taa yenyewe haina jina la maana. Ni bomba fupi la alumini, rangi nyeusi, juu limezibwa kabisa na chini liko wazi, unalifunga ukutani kwa skrubu mbili na ndani lina holda ya balbu ya kuzungusha. Bas. Mie nimepata kwa elfu 18 moja, balbu mbali. Angalieni kitu kimoja hapa, kuna pacha wake anaefanana nae kila kitu ila yuko wazi juu na chini, na mafundi wanampenda huyo kwa sababu anachora ile mistari miwili ya mwanga ukutani, picha zinatoka nzuri. Huyo muacheni dukani. Nusu ya umeme unaoulipia inaenda moja kwa moja mbinguni na huko hakuna mgeni wako.

Sa balbu ndo penye maneno. Muuzaji atakuuliza nyeupe au njano, wewe usijibu hivohivo, geuza boksi utafute namba yenye K mwisho. Nyeupe ile ya hospitali huwa 6500K, njano ya kawaida ni 3000K au 2700K, na ukibahatika unapata ya 2200K ambayo ni karibu na mwanga wa kandili. Kadiri namba inavyopanda ndo mwanga unavyozidi kuwa na buluu ndani yake hata kama jicho linaona nyeupe tu, na buluu ndo inayotawanyika zaidi hewani, sababu ileile inayofanya anga la mchana liwe buluu. Kwa hiyo ukiweka 6500K unapaka rangi anga la kijiji kizima, na wadudu nao wanaifuata hiyo nyeupe kuliko njano, mwenye mgahawa wa nje anajua msimu wa kumbikumbi meza zinavyokuwa. DarkSky International, hawa jamaa wa Marekani walioanza 1988 kazi yao kutetea giza la usiku, wana mpango wa kuzipa taa cheti na kiwango chao ni 3000K kushuka chini. Yangu haina cheti chochote, lakini umbo na balbu vinafuata masharti makubwa: imefunikwa juu, inaangaza chini, ya njano, na siyo kali.

Ukali nao tuuongelee. Muuzaji alitaka kunipa balbu ya wati 15, eti nje lazima kuwe na mwanga wa kutosha. Nikachukua za wati 5, elfu 3 na mia tano kila moja, na kwa njia ya kwenda vyumbani zinatosha na kubaki. Sisi watu wa pwani tuna jambo ambalo watu wa bara hawana, mchanga wetu mweupe. Hata taa ikiangalia chini vizuri, mchanga unaurudisha mwanga juu, na ukuta ukiwa wa chokaa ndo kabisa. Kwa hiyo kofia peke yake haitoshi, lazima na mwanga wenyewe upunguzwe. Kwenye uwanja wangu zile mbili zilizoko juu ya mchanga mtupu nimezishusha mpaka wati 3 na hakuna mgeni aliejikwaa.

Hesabu ya umeme sasa, maana najua wengine mnangojea hapa tu. Flodi ya wati 50 ikiwaka masaa 12 inakula uniti 0.6 kwa usiku, mwezi uniti 18. Gesti hii fundi wa mwanzo alifunga tano, kwa hiyo uniti 90 kila mwezi zilikuwa zinaungua kwa kumulika minazi. Hizi za wati 5 hata ukifunga kumi mwezi mzima ni uniti 18 jumla. Mwenye Tukuza yake, hii mita yetu ya kununua umeme kabla, atajua hiyo tofauti ni nini.

Wasiwasi mkubwa ulikuwa usalama. Mlinzi wetu, mtu mzima wa hapahapa, alinijia juu siku nashusha flodi. "Mwanangu, unawazimia wezi taa?" Nikamwambia Babu, shikamoo kwanza, halafu kaa barazani hapa utazame getini. Akakaa, macho yakazoea giza, akasema kumbe naona mpaka njia ya nje. Sababu yake ni rahisi, flodi ikikupiga usoni mboni ya jicho inajifunga, kila kilicho nyuma ya taa kinakuwa kiza cheusi na ndo hapo mwizi anapokaa. Macho yanataka kama dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa na ukitazama flodi mara moja tu unaanza upya. Taa ya kofia huioni chanzo chake, unaona ardhi na unaona mtu aliesimama. Getini nimeongeza sensa ya mwendo, hiyo nayo nzuri ila ukiiweka na hisia kali basi kila paka na kila kuti linalopepea linaiwasha, izungushie kinobu chake chini na muda uwe dakika moja.

Kabla sijafika hapa nilijaribu pia ile flodi ya sola yenye rimoti, boksi limeandikwa wati 1000 kwa herufi kubwa. Jamani. Paneli ina ukubwa wa daftari la shule, paneli kama hiyo jua la utosini haitoi hata wati 15, hiyo elfu moja imetoka wapi? Saa mbili usiku inapofua macho, saa saba imeshakufa, na ni nyeupe pepe, na kioo chake kinakaa kimeinama kidogo tu kwa hiyo mwanga unatoka ubavuni. Hii ya ubavuni ndo mbaya kuliko zote. Mwanga unaokwenda karibu sambamba na ardhi, umeinuka nyuzi chache tu, unasafiri mbali ndani ya hewa na unatengeneza lile wingu la mwanga linaloonekana ukiwa kijiji cha pili. Kwa hiyo sola siikatai, nakataa hiyo. Usinunue. Nyota moja, na hiyo moja ni ya rimoti.

Matokeo? Miezi ya Juni mpaka Agosti ndo utaona faida. Latitudo yetu ni kama nyuzi 6 kusini, kwa hiyo kitovu cha Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, kinapanda juu kabisa jioni, kundi la nyota la Nge limetanuka utosini na mkia wake wote, huhitaji darubini wala nini. Kuanzia Disemba unapata Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, unapata nyota kali ya Suheli upande wa kusini, na pakiwa kiza kweli yale mawingu mawili ya Magellan, ambayo ni makundi ya nyota za mbali sana, yanaonekana kwa macho matupu. Wazee wetu walitumia hivi vitu, mpaka leo utawasikia wakisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Vijana wengi wa hapa Kilimia hawakijui kilipo, na siwalaumu, kimefichwa na bango la soda.

Na biashara ipo hapo, msidhani naongea mapenzi ya nyota tu. Utafiti wa dunia nzima uliotoka 2016 ulionyesha theluthi moja ya binadamu hawaioni tena Njia ya Maziwa wanapoishi, Ulaya ni asilimia 60 na Amerika ya Kaskazini karibu 80. Hao ndo wageni wetu! Mtu anapanda ndege masaa kumi kuja kuona kitu ambacho kwao hakipo, halafu sisi tunamuwashia flodi. Namibia waliliona hili mapema, hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa 2012 kama hifadhi ya anga la giza, ya kwanza Afrika, na leo wageni wanalipia vyumba vya huko kwa ajili ya usiku. Mie nimetoa viti viwili vya kulalia na nikaweka kibao "zima taa ya baraza ukitoka", na maoni ya wageni yanayotaja nyota ni mengi kuliko yanayotaja chai ya asubuhi, na chai yangu nzuri.

Mapungufu sasa. Skrubu zinazokuja na taa ni za chuma cha kawaida, hewa ya chumvi inazila zikaacha michirizi ya kutu ukutani, nunua za stenlesi kabla hujafunga. Raba ya nyuma nyembamba, paka silikoni juu ya mpaka wa ukuta ila chini uache wazi maji yatoke. Dondora wanajenga ndani ya bomba, kagua kabla hujaingiza mkono kubadilisha balbu, sisemi zaidi. Na duara la mwanga ni dogo, kama ulizoea flodi moja ya kumulika uwanja mzima utahitaji taa nyingi ndogo, kwa hiyo waya nyingi, kwa hiyo fundi atakuchaji zaidi.

Pungufu kubwa halimo ndani ya boksi. Taa zangu hata ziwe za malaika, kuna baa upande wa pili ina flodi tatu zinazomulika baharini mpaka alfajiri, na wikiendi wanawasha ile taa ya kuzunguka mawinguni kuita watu. Ajabu ni kwamba taa za aina hiyo za kutangazia biashara mji wa Flagstaff kule Arizona ulishazipiga marufuku tangu 1958, kwa ajili ya wataalamu wao wa nyota, na 2001 ukawa mji wa kwanza duniani kupewa heshima ya mji wa anga la giza. Na wala haujafa njaa, una mahoteli na mabaa. Ufaransa tangu 2013 vioo vya maduka vinatakiwa kuzimwa taa saa saba usiku. Huku kwetu tunaenda kwa kubembelezana. Nilimfuata meneja wa baa, kijana muungwana tu, nikamuonyesha hesabu ya uniti, siyo ya nyota, akakubali kuinamisha mbili ziangalie meza. Ya tatu kasema bosi anaitaka ionekane kutoka barabarani.

Wavuvi nao nimewauliza na majibu hayafanani. Mmoja kaniambia taa za mahoteli zinamsaidia kujua yuko usawa wa kijiji gani, mwingine anasema zinampofua akitafuta mlango wa mwamba usiku, anakuja kwa kukisia. Na wao wenyewe wa dagaa wanawasha taa baharini, najua mtaniambia, ila ile ni kazi na inazimwa nyavu zikipanda. Kwenye fukwe ambazo kasa wanataga, kama Mnemba au Juani kule Mafia, habari ni nzito zaidi, vitoto vikitoka mchangani vinafuata upande wenye mwanga, ambao zamani ulikuwa bahari. Mwenye hoteli fukwe kama hizo hata njano isikutoshe, tumia nyekundu au zima kabisa upande wa maji.

Alama zangu kwa taa ya kofia ni 8 kwa 10, moja nimeikata kwa skrubu na moja kwa raba. Ukienda dukani sema unataka ya ukutani ya nje, imezibwa juu, halafu balbu 2700K kushuka, wati 5, na usimuache fundi akuchagulie. Mkipata ya 2200K kwa bei ya binadamu nitumieni ujumbe, mimi nilikopata walitaka elfu 12 kwa moja nikaondoka.