Soko la Vinyago Mwenge: kagua kitako kabla ya bei

Kwa anayeanza kukusanya vinyago vya Kimakonde, au anayetaka kuvifanyia biashara, Soko la Vinyago Mwenge jijini Dar es Salaam ni darasa kabisa. Vibanda vimebanana na bidhaa nyingi zinafanana, lakini tezo zinalia hapohapo: mchongaji yupo na unaweza kumuuliza. Duka la hotelini litakupa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kiyoyozi, mchongaji hutamwona.

Tatizo la kwanza ni kiwi ya viatu. Mti mweupe ukipakwa kiwi nyeusi hung'aa kuliko mpingo wenyewe, mti mgumu unaosifika kwa vinyago hivi. Kusugua kwa kitambaa hakutoshi, maana hata mpingo halisi hung'arishwa kwa kiwi na kitambaa kitachafuka vilevile. Geuza kinyago, omba ruhusa, kisha kwaruza kidogo kitakoni kwa ncha ya kisu. Mpingo ni kahawia iliyokolea hadi weusi, hata ndani. Wa bandia utaonyesha njano. Mpingo pia huzama majini, hivyo kinyago kidogo kitumbukize tu kwenye ndoo. Ukanda wa rangi ya krimu ubavuni si dosari, ni sehemu ya mti iliyo chini ya gome, na wachongaji wengine huuacha makusudi. Ila ukiwa na vitundu vinavyotoa unga, wadudu wamo. Achana nacho.

Nyufa ndizo huwaliza wanunuzi wengi. Mpingo hukauka taratibu mno, na oda ikiwa ya haraka gogo huchongwa bichi. Nje kunakauka na kusinyaa huku ndani bado kuna maji, basi mti unapasuka, kwa kawaida kuanzia kichwani na kitakoni. Ufa hufukiwa kwa gundi na vumbi la mpingo, ukapigwa msasa, ukapakwa kiwi. Mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni: palipozibwa patatokea kama uzi uliofifia. Hata kinyago kizima, ukikifikisha nyumbani kiviringishe magazeti tabaka kadhaa kwa wiki chache, mbali na kiyoyozi, kizoee hewa polepole.

Kwenye nguzo ya ujamaa, ile ya watu waliobebana, fuata mistari ya mti kutoka mtu hadi mtu. Ikikatika ghafla, kipande kimegundishwa.

Mapiko, vinyago vya kuvaa ngomani, yana sheria zake. Huchongwa kwa mti mwepesi, kwa hiyo uzito mdogo si ushahidi wa udanganyifu. Lipiko moja likiitwa "la zamani", tazama ndani: mchezaji huchungulia kupitia mdomo wa lipiko, na ukingo unaogusa ngozi hulainika na kuingia jasho. Nje kuna moshi na udongo lakini ndani alama za patasi bado kali? Hilo limezeeshwa.

Soko linapopwaya ni kwenye majina. Ukiuliza nani kachonga, jibu la kawaida ni "Mmakonde". Mtindo wa shetani, wa vinyago vya mapepo, unahusishwa na Samaki Likankoa, aliyemuuzia kazi zake Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam, na jina hilo halikupotea. Kazi nyingi za wenzake zimebaki bila mwenyewe. Mwombe mchongaji aandike jina na mwaka kitakoni, umpige picha na kazi yake. Siku ya kuuza, kumbukumbu hiyo itakupa bei ambayo urefu wa kinyago hautakupa.

Wa kusafirisha nje wajue kwamba tangu 2017 mpingo umo kwenye Kiambatisho cha II, orodha ya viumbe ambao biashara yao inadhibitiwa, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Bidhaa zilizokamilika zimesamehewa kibali cha CITES mradi mti wake usizidi kilo 10 kwa shehena moja. Nguzo ya mita moja huzidi kilo hizo kirahisi, kwa hiyo ipandishe kwenye mzani kabla hujatoa hela.